Kutoka Cessna 206 hadi Caravan: mwongozo kamili kwa rubani mmiliki anayehamia ndege ya tabini

Kwenye uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ulioko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, mchana wa nyuzi 27 hewa huwa nyepesi kama ile ya futi 8,300. Cessna 206, ndege ndogo ya pistoni, isiyo na turbo ya kuisukumia injini hewa, iliyobeba watu sita na mizigo yao, huwa imekwisha kupoteza karibu robo ya nguvu zake hata kabla breki hazijaachiwa. Mmiliki wa ndege kama hiyo huvumilia kwa miaka: huondoka alfajiri, huacha begi moja nyuma, hupiga simu kuuliza kama Avgas, yaani petroli ya ndege, ipo kule aendako. Kisha siku moja hujikuta amesimama kando ya Caravan ya jirani, ndege nyingine ya Cessna, kubwa zaidi na ya tabini, akiuliza inakunywa lita ngapi kwa saa.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Nilihama mwenyewe kutoka 206 kwenda Grand Caravan, na nilichojifunza ni kwamba kuirusha si kazi ngumu; yeyote anayeimudu 206 vizuri ataituliza Caravan angani ndani ya siku chache. Kigumu ni kubadili hesabu. Ndege ya pistoni humzoesha rubani kuamua kwa sikio na kwa mazoea, ilhali tabini, injini ambayo gesi ya moto huzungusha vibapa badala ya kusukuma pistoni, humtaka aamue kwa joto, kwa uzito na kwa muda, na aamue mapema.

Hatua ya kwanza: pima safari zako kabla ya kupima ndege

Chukua daftari lako la saa za kuruka, urudi nyuma miezi 12, uandike kwa kila safari umbali, idadi ya abiria, kilo za mizigo, aina ya kiwanja ulichotua na mahali ulipopata mafuta. Usitumie safari unazoziota. Tumia ulizofanya.

Mfano wangu ulikuwa Wilson hadi Zanzibar, maili za baharini zipatazo 327. Ile 206, kwa noti 130 (maili 130 za baharini kwa saa), ilichukua saa mbili na nusu na kunywa lita 150 hivi. Grand Caravan yenye injini ya PT6A-114A, kwa noti 160, huchukua saa mbili na dakika chache na kunywa lita 400. Kwa hiyo anayehama kwa matumaini ya kuokoa mafuta amekosea mlango. Anachonunua ni kubeba watu tisa badala ya watano, kutumia Jet A-1, mafuta ya tabini ya jamii ya mafuta ya taa, inayopatikana karibu kila uwanja wenye huduma, kuondoka mchana bila kuacha mtu nyuma, na injini ambayo uaminifu wake umejengwa tangu miaka ya 1960. Avgas kwa upande wake inazidi kuwa adimu na ghali, na risasi iliyomo ndani yake inafuatwa na sheria duniani kote; katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2025, kemikali hiyo ya risasi haiwezi kutumika bila kibali maalumu.

Ikiwa daftari linaonyesha chini ya saa 100 kwa mwaka, ushauri wangu ni kubaki ulipo, au kutafuta mwenzio mmoja au wawili wa kumiliki nawe ndege hiyo kwa pamoja. Tabini inayokaa hangani huliwa na unyevu, na mikono isiyoigusa kwa wiki sita husahau mpangilio wa leva. Watu wawili wenye saa 80 kila mmoja huitunza injini hiyo vizuri kuliko mtu mmoja mwenye 80.

Hatua ya pili: chagua ndege kwa kiwanja, si kwa noti

Cessna 208 iliruka mara ya kwanza Desemba 1982 na kuidhinishwa 1984, na mwili mrefu wa 208B, unaoitwa Grand Caravan, ulifuata miaka michache baadaye. Magurudumu yake hayakunjwi, kabini yake haina shinikizo la hewa, na mguu wake hustahimili kiwanja cha changarawe. Ndiyo maana imejaa Mara, Serengeti na Amboseli. Kodiak 100 hufuata fikra hiyo hiyo, ni ndogo kidogo, na huruka kwenye kiwanja kifupi zaidi. Mashirika ya kimisionari huipenda kwa sababu hiyo.

Pilatus PC-12 ni jambo jingine. Ina kabini yenye shinikizo, hupanda hadi futi 30,000, na kwenye kimo cha 28,000 hukaribia noti 270 huku ikinywa kwa saa mafuta yasiyotofautiana sana na ya Caravan iliyoko futi 10,000. Madaktari warukao wa AMREF huitumia kutoka Wilson, nayo hutua hata kwenye udongo. TBM na Piper za kundi la M500 na M600 ni za kasi na za watu wachache, na huzioni mara nyingi kwenye viwanja vya mbugani kwa sababu pangaboi lao liko karibu na ardhi na miguu yao haikuundwa kwa mashimo.

Kwa rubani anayetoka 206 na anayetua zaidi kwenye vumbi, nashauri Caravan bila kusita. Huo ni ukoo mmoja: mbawa juu, mkao ule ule, tabia ile ile wakati wa kutua. Unajifunza injini mpya pekee, si injini, kabini, magurudumu ya kukunja na kimo kipya kwa wakati mmoja.

Hatua ya tatu: fedha, na bima kabla ya fedha

Mpigie mtu wa bima kabla hujampigia muuza ndege. Mpe saa zako zote, saa zako za mwaka uliopita, leseni na vibali ulivyo navyo, na umuulize kwa maandishi masharti atakayokuwekea. Mara nyingi atadai mafunzo rasmi ya ndege hiyo, kisha saa kadhaa ukiwa na rubani mzoefu kando yako, na marudio ya mafunzo kila mwaka. Jibu hilo ndilo litakaloamua ratiba yako yote, kwa hiyo ukilipata baada ya kulipa arubuni umechelewa.

Kisha iweke injini kwenye hesabu ya kila saa. PT6A-114A ina kikomo cha saa 3,600 kati ya ukarabati mkubwa mmoja na mwingine, na ukaguzi wa sehemu ya moto, ile mafuta yanamowakia, katikati, kwenye saa 1,800. Ukarabati huo hugharimu laki kadhaa za dola. Tuseme, kwa hesabu tu, ni dola 360,000: kila saa unayoruka inadaiwa dola 100 za injini kabla hujagusa mafuta, na ukinunua ndege iliyobakiza saa 600, umeinunua pamoja na deni la saa 3,000 ambazo mwingine amekwisha kuzitumia. Weka fedha hizo kwenye akaunti ya pekee kila mwezi. Nimeona ndege nzuri zikiegeshwa miaka miwili kwa sababu mmiliki alifika kwenye kikomo akiwa na fedha za mafuta peke yake.

Lipo na jambo la kusema waziwazi, kwa sababu vishawishi ni vingi. Ukiwa na viti tisa na leseni ya rubani binafsi, jamaa na marafiki watakuja na bahasha wakiomba uwapeleke Lamu. Kubeba abiria kwa malipo huhitaji leseni ya biashara na cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Ukipokea bahasha hiyo, siku ya ajali bima haitakutambua.

Hatua ya nne: ukaguzi kabla ya kununua

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Ndege ya kwanza niliyoitaka ilikuwa nje ya nchi, rangi yake ikimeremeta, viti vya ngozi vikinukia upya, na bei yake ilikuwa chini kidogo ya nyingine zote. Injinia niliyemlipa aende kuitazama alitoa nozeli za mafuta, akaingiza kamera nyembamba ya boroskopu kwenye matundu yake, akanitumia picha. Vibapa vya tabini vilikuwa na malengelenge ya kijivu ukingoni, kama mkate ulioguswa na ukungu. Ni ugonjwa unaotokana na chumvi ya bahari kukutana na salfa ya mafuta juu ya chuma chenye moto; hula chuma kutoka ndani, na hauponi. Daftari la injini halikuwa na neno hata moja juu ya ndege hiyo kuishi pwani. Nililipa gharama ya injinia, nikaacha ndege.

Kwa hiyo mtume injinia wako mwenyewe, anayelipwa na wewe, asiye na uhusiano wowote na anayeuza. Mwambie afanye haya: boroskopu ya sehemu ya moto na ya kompresa inayobana hewa, kipimo cha nguvu cha injini ikiwa chini, kikilinganishwa na chati za kitabu, ukaguzi wa chujio la oili na vipande vya chuma kwenye sumaku yake, kutazama mabapa ya pangaboi kama yamekatwakatwa na kokoto, na ukaguzi wa kutu chini ya sakafu ya kabini, hasa ikiwa ndege ilibeba samaki au mizigo yenye maji. Soma madaftari yote tangu siku ya kwanza. Kurasa zilizopotea hupunguza thamani ya ndege, na kwa sehemu za injini zenye kikomo cha mizunguko ya kuwashwa na kuzimwa, kukosa historia ni sawa na sehemu hizo kwisha, kwa sababu hakuna atakayethubutu kuzihesabu upya.

Omba pia rekodi za mwenendo wa injini, yaani joto, kasi ya kompresa, mtiririko wa mafuta na nguvu, zilizoandikwa safari baada ya safari. Aliyeziandika kwa miaka mitano mfululizo ameitunza injini yake. Asiye nazo, mpunguzie bei au uondoke.

Hatua ya tano: karatasi

Ndege iliyokuwa Marekani huhitaji kufutwa kwenye rejista ya huko na kupewa cheti cha ubora wa kusafirishwa nje kabla ya kupewa herufi za usajili za 5Y nchini Kenya, 5H Tanzania au 5X Uganda. Mpe kazi hiyo mtu anayeifanya kila siku, umwekee muda, na usipange safari yoyote ya familia ndani ya muda huo.

Hatua ya sita: mafunzo na leseni

Nchini Marekani, ndege ya tabini yenye pangaboi na uzito usiozidi kilo 5,670 haihitaji kibali cha aina pekee, ingawa yenye kabini ya shinikizo inayopanda juu ya futi 25,000 huhitaji sahihi ya mwalimu kwa mambo ya kimo kikubwa. Ulaya hudai kibali cha daraja la injini moja ya tabini, na kwa ndege zenye uwezo mkubwa huongeza kozi ya nadharia. Kwetu, Caravan huandikwa kwenye leseni baada ya darasa, saa za mafunzo na mtihani wa angani mbele ya mkaguzi. Shule za Wilson huyatoa mafunzo haya, na wenye uwezo huenda Wichita, Marekani, ambako kuna kiigizi kamili cha Caravan, yaani mtambo wa ardhini unaoigiza ndege hiyo.

Ukimudu gharama, nenda kwenye kiigizi walau mara moja. Kuna mambo matatu ambayo hayafundishiki salama kwenye ndege halisi: injini kuzimika baada tu ya kuinuka, joto kupindukia wakati wa kuwasha, na kukwama kwa kidhibiti cha mafuta. Fanya kila moja mara kumi, hadi mkono uende wenyewe.

Darasani, dai uelezwe injini mpaka uweze kuichora. PT6 huvuta hewa kutoka nyuma, huibana ikielekea mbele, na kutoa moshi karibu na pua ya ndege, kwenye Caravan kwa bomba moja. Tabini inayozungusha kompresa na ile inayozungusha pangaboi hazina shafti moja. Zinaunganishwa na upepo wa moto peke yake. Ndiyo sababu unaweza kulishika pangaboi kwa mkono huku injini haijawashwa na likazunguka kwa ulaini usiokuwepo kwenye pistoni. Na lina tabia moja ya kuokoa maisha: oili ikipotea, chemchemi na vizani huyageuza mabapa yaelekeze makali yake mbele ili yasikinze upepo. Kwenye 206 oili ikipotea mabapa hulala bapa na kugeuka breki.

Hatua ya saba: sekunde 40 za kuwasha

Injini ya pistoni ikigoma kuwaka, unapumzisha stata, unajaribu tena, na hasara ni aibu. Tabini inaweza kuunguzwa ndani ya sekunde chache na mtu aliyekuwa akimpungia mkono abiria. Hakuna sehemu ya mafunzo ninayoipa uzito kuliko hii.

Ielekeze ndege kwenye upepo, kwa maana upepo wa nyuma hurudisha moto ndani ya bomba la moshi. Tazama voliti za betri: zikiwa chini ya 24, usiwashe, leta mtambo wa umeme wa nje. Betri dhaifu ndiyo chanzo kikubwa cha injini kuungua, kwa sababu huzungusha kompresa polepole, hewa ya kupoza inakuwa kidogo, na mafuta yanawaka mahali pamoja. Hakikisha leva ya dharura ya mafuta iko mahali pake pa kawaida, imevutwa nyuma hadi mwisho. Ikiwa imesahaulika mbele kidogo, mafuta yataingia bila kipimo.

Sasa mkono wa kushoto uko kwenye swichi ya stata, wa kulia kwenye leva ya mafuta, na haubanduki hapo hadi mwisho. Washa stata. Kompresa inaanza kwa mlio mwembamba unaopanda, oili inaonyesha shinikizo, na sindano ya kasi inapita asilimia 5, 8, 10. Subiri. Kitabu cha 114A kinataka angalau 12, na ikiendelea kupanda acha ipande hadi itulie, kwa sababu kila asilimia ya ziada ni hewa ya kupoza. Ndipo usogeze leva ya mafuta hadi mwendo wa chini. Utasikia mvumo mzito wa moto kushika, na macho yahamie kwenye geji ya joto na kubaki hapo. Sindano itaruka kwa kasi ya kutisha kwa mtu wa pistoni. Ya kwangu, asubuhi ya baridi, hupita 600, ikafika karibu 700, ikasita, ikaanza kushuka. Kikomo cha kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili, lakini usiisubiri namba hiyo. Ukiona sindano inapanda kwa mwendo usiouzoea na haionyeshi kusita, rudisha leva ya mafuta nyuma mara moja na uache stata iendelee kuzunguka ili hewa iondoe joto. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kuwasha, si wakati wa kuwasha.

Kompresa ikifika asilimia 52, zima stata. Ikining'inia kwenye 30 au 40 bila kupanda huku joto likipanda, zima mafuta pia. Stata nayo ina mipaka: kwa betri, sekunde 30 za kuzungusha, dakika moja ya kupumzika, na baada ya majaribio matatu nusu saa nzima ya kupoa.

Nilimwomba mke wangu, ambaye huketi kulia, asiniambie neno lolote kuanzia nisemapo "nawasha" hadi nisemapo "imeshika". Nakuomba uweke kanuni kama hiyo nyumbani kwako.

Hatua ya nane: kuruka, kupanda na mafuta

Kwenye 206 ulisukuma leva zote mbele hadi mwisho. Usifanye hivyo tena. Leva ya nguvu ya tabini ina nguvu kuliko kile ambacho gia na joto vinaruhusu, na wewe ndiye mlinzi. Isukume taratibu ukitazama toki, yaani nguvu ya kusokota shafti ya pangaboi, kisha joto, na uishie kwenye kile kitakachofika kikomo kwanza. Kwa 114A vikomo hivyo ni toki ya 1,865 na nyuzi 805 wakati wa kuruka. Zanzibar, karibu na usawa wa bahari, toki hufika kwanza. Wilson mchana wa jua, joto hufika kwanza, na toki inabaki chini. Hilo si kosa la injini, bali lazima uwe umeliona kwenye chati kabla ya kuingia njia ya kurukia. Acha nafasi kidogo chini ya kikomo, kwa sababu mwendo ukiongezeka hewa husukumwa ndani na toki hupanda yenyewe. Mguu wa kulia uwe tayari: farasi 675 huvuta pua kushoto kwa nguvu usiyoizoea.

Mafuta sasa yahesabu kwa uzito. Geji za Caravan husoma kwa ratili, na lita moja ya Jet A-1 ina uzito wa gramu 800 hivi. Matangi yakijaa yana lita 1,257, yaani zaidi ya kilo 1,000, na kilo hizo hutoka kwenye fungu lile lile la abiria. Tabia ya kujaza matangi kila mara, iliyokuwa busara kwenye 206, hapa itakuzidishia uzito. Kwa upande mwingine, tabini hunywa sana ikiwa chini. Dakika 20 za kusubiri zamu ya kuruka Wilson, na kuzungushwa kwenye kimo cha chini ukikaribia Dar es Salaam, huchukua mafuta ambayo hayakuwemo kwenye hesabu ya mwendo wa safari. Mimi hupanga kutua na saa nzima ndani ya matangi.

Simama wewe mwenyewe kando ya gari la mafuta. Wahudumu wengi wameizoea ndege yako kwa Avgas, na Jet A-1 kwenye 206 huua; kwa Caravan kosa la kinyume lina nafuu, kwani kitabu huruhusu Avgas kwa dharura, jumla ya saa 150 kati ya ukarabati mmoja na mwingine. Mafuta haya ya familia ya taa hushika maji kwa muda mrefu kuliko Avgas, na wadudu wadogo huota ndani yake kwenye joto la pwani, kwa hiyo toa sampuli kila asubuhi, kwenye kila tundu.

Kwenye vumbi, fungua mlango wa kutenganisha hewa na uchafu, ule unaopinda njia ya hewa ili mchanga upite kando. Utapoteza nguvu kidogo, na chati ya kuruka lazima iwe ile ya mlango huo ukiwa wazi.

Hatua ya tisa: kushuka na kutua

Tabini haina shida ya silinda kupoa ghafla, kwa hiyo unaweza kupunguza nguvu upendavyo. Uhuru huo una mtego wake. Ukirudisha leva hadi mwisho ukiwa karibu na ardhi, mabapa hulala na kuwa kama sahani kubwa mbele ya ndege, ndege inazama, na ukisukuma leva ili ujiokoe, injini huchukua muda kabla ya kuitika. Njia ya kuepuka ni kuja na nguvu kidogo hadi juu ya kizingiti, na kwenye kiwanja kifupi kuiweka leva ya mafuta kwenye mwendo wa juu, asilimia 65, ili kompresa iwe tayari.

Baada ya magurudumu kugusa, na si kabla, unainua vichochezi vya leva na kuivuta nyuma. Kuvuka kizuizi hicho angani kumekatazwa kabisa. Msukumo wa kurudi nyuma ni mtamu mno, na wageni huutumia kila mahali. Kwenye changarawe hufyonza kokoto na kuzitupa kwenye mabapa, na kwenye vumbi hukufunika wingu lako mwenyewe. Kiwanja kikiwa cha mita 1,000 na ndege ikiwa nyepesi, shuka kwa mwendo sahihi, laza flapu zote, uache breki na muda vifanye kazi.

Anayechagua PC-12 ajifunze pia kushuka mapema. Kutoka futi 26,000 hadi 6,500 kwa ajili ya Wilson, kwa kanuni ya maili tatu kwa kila futi 1,000, anatakiwa aanze karibu maili 60 kabla, dakika 13 kabla. Rubani wa 206 kwenye umbali huo bado anakula karanga.

Hatua ya kumi: saa 100 za kwanza

Usiruke peke yako hadi mwalimu atakapokaa kimya safari nzima. Kisha jiwekee mipaka kwa maandishi: mchana tu, viwanja unavyovijua, mawingu ya juu, na usiibebeshe hadi kilele cha uzito. Legeza mpaka mmoja kwa wakati mmoja.

Nasema hivi kwa sababu injini hii hutia moyo kupita kiasi. Juni 2018, Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo walifariki. Kilele cha milima hiyo kiko futi 13,000 na zaidi, mawingu huifunika karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na hakuna nguvu za farasi zinazoupisha mlima. Panga kimo cha usalama kabla ya kuondoka. Ukihitaji zaidi ya futi 10,000 kwa muda, kumbuka kwamba Caravan haina kabini ya shinikizo. Beba oksijeni na uitumie. Karibu na futi 15,000 hadi 16,000 kwenye ukanda wetu hewa hufikia kiwango cha kuganda, na ndege hii na barafu hazipatani.

Hatua ya kumi na moja: kuitunza kila siku

Kila safari, ndege ikiwa imetulia kwenye kimo kile kile unachokipenda, andika toki, joto la tabini, kasi ya kompresa, mtiririko wa mafuta, kimo na joto la nje. Ni dakika moja ya kazi. Baada ya miezi mitatu utaanza kuisoma injini: kwa nguvu ile ile, joto na mafuta yakipanda pamoja na kasi ya kompresa, kompresa ni chafu; joto na mafuta yakipanda huku kasi ikishuka, sehemu ya moto inalalamika, na nozeli zitazamwe kwanza.

Ikilala Lamu, Malindi au Zanzibar, ioshe kompresa kwa maji safi kila siku kabla chumvi haijashika. Nafahamu uchovu wa jioni baada ya safari ndefu, na nafahamu jinsi maji safi yanavyokuwa shida kwenye viwanja vidogo. Beba madumu yako mwenyewe.

Unapoegesha, iache injini kwenye mwendo wa chini hadi joto litulie kwa dakika nzima, ndipo uvute leva ya mafuta. Usivue visikizi na kuanza kuzungumza na abiria. Sikiliza kompresa ikizunguka kuelekea kimya: inapaswa kuwa laini, ndefu, bila mkwaruzo. Hesabu sekunde na uziandike. Kisha funika bomba la moshi na ufunge pangaboi kwa kamba yake, kwa sababu halikushikwa na kitu ndani ya injini, na upepo wa usiku unaweza kulizungusha hadi asubuhi huku gia zake zikiwa hazina oili.